Pendekezo Lako Liko Ukurasa wa Ngapi?

Karatasi hizi nilizoshika ni ripoti ya mwanafunzi mmoja wa mwaka jana. Ameniruhusu niisome mbele yenu, jina lake nimelifunika. Zoezi lilikuwa hivi: mashine ya fotokopi ya ofisi inaharibika kila mara, mwandikie meneja ripoti fupi isiyo rasmi, umshauri cha kufanya.

Sikilizeni inavyoanza: "Tangu zama za kale binadamu amekuwa akihitaji kuhifadhi kumbukumbu zake kwa maandishi."

Mnacheka, na nusu yenu mmeniandikia hivyohivyo wiki iliyopita. Meneja ana karatasi zilizokwama kwenye mashine na foleni ya watu mlangoni, sisi tunampelekea zama za kale! Aya ya pili inaeleza maana ya biashara. Ya tatu, maana ya ripoti. Ukurasa wa tatu ndipo nilipokutana na habari yenyewe: ndani ya miezi 3 fundi ameitwa mara 11, na mara zote ni roli ileile inayovuta karatasi. Kijana alikwenda, akakaa na daftari la matengenezo, akahesabu. Kazi nzuri kabisa, akaizika. Halafu mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne: "Hivyo basi, ni vyema hatua stahiki zichukuliwe."

Hatua zipi? Achukue nani? Lini?

Nilimwita, tukaketi. Nikamwambia, tuseme umekutana na meneja kwenye ngazi, akakuuliza, "Ile mashine vipi?" Utamjibu nini? Hakusita: "Tuachane nayo, mwalimu. Fundi kaja mara 11 kwa ugonjwa uleule. Tukodi nyingine." Nikampa kalamu. Akaandika: "Napendekeza tuache kuitengeneza mashine ya fotokopi ya mapokezi, na idara ya ununuzi ikodi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ndani ya miezi 3 fundi ameitwa mara 11 kwa hitilafu ileile." Sentensi moja, na hiyo ndiyo ifungue ripoti. Meneja akiishia hapo, tayari anaweza kuamua. Kurasa zilizobaki ni za kumthibitishia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini sekondari tulifundishwa utangulizi, kiini, hitimisho." Mlifundishwa insha, na mlifundishwa vizuri. Msomaji wa insha unatembea naye polepole. Msomaji wa ripoti ameshika kalamu ya kuidhinisha au kukataa, na ripoti nyingine zinamsubiri mezani. Mwingine atasema kumwanzia mkubwa na pendekezo ni kukosa adabu. Utovu wa adabu ni kumchimbisha kurasa nne mtu mwenye shughuli zake! Kuna hali moja tu ninayoikubali: ukijua pendekezo lako litamuuma, mathalani unamwambia kwamba utaratibu alioubuni mwenyewe haufanyi kazi. Hapo tanguliza ushahidi, umfikishe taratibu.

Wala kero hii si yangu peke yangu. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa katikati ya vita, waziri mkuu Winston Churchill aliwaandikia watendaji wa serikali memo kuhusu ufupi. Alilalamika kwamba ripoti karibu zote ni ndefu mno, na muda unapotea kusaka hoja za msingi. Akataka aya fupi, na uchambuzi wa kina uwekwe kwenye kiambatisho. Akaitaja hata misemo ya kujaza nafasi, akasema ifutwe. "Hatua stahiki zichukuliwe" ingekuwa ya kwanza kufutwa.

Sasa hili neno "isiyo rasmi" linawapotosha. Maana yake ni umbo: hakuna jalada, hakuna yaliyomo, hakuna ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni. Msomaji akiwa ndani ya taasisi, andika memo: Kwa, Kutoka, Tarehe, Yah. Akiwa nje, andika barua. "Mimi" na "nilikagua" vinaruhusiwa. Lugha ya meseji za simu hairuhusiwi, na sitaki kuiona tena.

Naona saa inanikimbiza. Harakaharaka: fundi kuitwa mara 11 ni matokeo, kwamba kuitengeneza hakusaidii tena ni hitimisho, tukodi nyingine ni pendekezo. Msivichanganye. Takwimu zikizidi tatu, tia jedwali. Kwenye Yah msiandike "Ripoti". Andikeni "Pendekezo la kukodi mashine ya fotokopi ya mapokezi". Viambatisho tutavigusa kipindi kijacho.

Kabla hamjatoka, kila mmoja atoe ripoti yake ya wiki iliyopita, atafute pendekezo lake, alipigie mstari, kisha aandike juu kabisa ya karatasi liko ukurasa wa ngapi. Nitapita kuziangalia mlangoni.