Paka Hachezi, Anachelea

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimekwisha kulisema jambo hili katika kumbi nyingi, na nitaendelea kulisema mpaka watu waache kumwita paka katili kwa kuwa tu humrusharusha panya kabla ya kumuua. Mtazameni siku panya anapogeuka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akatoa meno na kulia kwa ukali. Paka hurudisha kichwa nyuma, hulaza masikio, hufumba macho nusu, kisha hunyoosha mguu mmoja wa mbele na kumpiga kofi, huku mwili mzima ukiwa tayari kuruka kinyumenyume. Huo ni mchezo gani? Ili aue, ni lazima apeleke uso wake mwenyewe, macho na midomo, hadi kwenye shingo ya mnyama anayeuma. Naye huwinda peke yake, kwa hiyo jicho likitoboka hana wa kumletea chakula. Ndiyo maana humchosha kwanza. Mtafiti Maxeen Biben alilionyesha hilo mwaka 1979: kadiri windo lilivyokuwa kubwa ndivyo paka walivyosita kuua, na kadiri njaa ilivyowazidi ndivyo walivyothubutu.

Najua yupo atakayeniambia kwamba paka wa kwao huua panya wa kila namna. Muulizeni walikuwa na ukubwa gani! Huko Brooklyn, jijini New York, mtafiti Michael Parsons na wenzake waliwanasa kwa kamera paka wa mitaani na panya waliokuwa wakiishi pamoja katika kiwanda cha kuchakata taka, na katika siku 79, kama walivyochapisha mwaka 2018, panya waliouawa walikuwa wawili tu. Panya wale huwa na wastani wa gramu 330 hivi; je, panya buku wetu, anayefikia kilo moja na zaidi? Tunaambiwa paka akiondoka panya hutawala. Panya buku hutawala paka akiwa amekaa palepale, anajilamba kana kwamba hakuona kitu.

Kuku mwenye vifaranga alistahili mhadhara wake, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa; itoshe kusema kwamba mbele yake paka huondoka polepole, ubavuubavu, asithubutu kumpa mgongo. Na kwa wenye maghala walioniuliza mlangoni wafuge paka wangapi: zibeni matundu kwanza, na taka zisilale nje.