Padre akisema "Tuombe", Tuombe

Tumsifu Yesu Kristo. Walionialika kwenye mafungo haya wanajua nitasema nini, maana nimelisema kila Kwaresima tangu nianze kufundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Padre akisema "Tuombe", tuombe: tunyamaze kwanza, kila mmoja aombe lake.

Mnacheka, lakini nisikilizeni. Juzi nilisali parokia moja ya jirani, nikakaa benchi la nyuma. Nyumbani nilikuwa nimemwacha mjukuu na homa, nimembeba moyoni njia nzima. Padre akakunjua mikono, akasema "Tuombe", na kabla sijashusha pumzi alikuwa tayari kwenye "Ee Mungu mwenyezi". Nilitaka kumtaja mtoto pale. Nafasi ikapita. Sala ile inaitwa koleta kwa sababu inakusanya: kila mmoja ataje lake kimoyomoyo, kisha padre ayachukue yote na kuyapeleka kwa Mungu kwa sauti moja. Tusiponyamaza, anakusanya nini? Anainua kapu tupu!

Wala kimya hiki sijakitunga mimi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika Konstitusio ya Liturujia, hati yake ya ibada ya mwaka 1963, kifungu cha 30, uliagiza kimya kitakatifu kishikwe kwa wakati wake. Maelekezo ya Misale ya Roma, kitabu cha sala za Misa, namba 45, yanataja hadi mahali penyewe: kwenye tendo la toba, baada ya "Tuombe", baada ya somo au mahubiri, baada ya Komunyo. Tena yanataka kimya hata kabla ya Misa, kanisani na sakristia, chumba anachovalia padre. Sakristia, jamani! Pale pale tunapogombania karatasi ya matangazo.

Mwanakwaya ataniambia: "Mwalimu, sisi Waafrika tunamsifu Mungu kwa ngoma na vigelegele." Nani amekataza? Kayamba nimepiga mimi mwenyewe miaka na miaka. Zaburi ya 47 inatuambia tupige makofi, na tupige. Lakini rudi Zaburi moja nyuma, ya 46: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Na huyo Mwafrika mnayemsema, mzee wake akianza kutoa wosia, si redio inazimwa na watoto wanatolewa nje? Kunyamaza kwa heshima tumelelewa nako. Hakuna aliyetuletea kwa meli.

Pentekoste moja umeme ulikatika baada ya Komunyo. Kinanda kikafa katikati ya ubeti. Kijana akakimbilia jenereta, nayo ikagoma. Tukabaki hivyo hivyo. Nikalisikia panka la juu likipunguza mwendo mpaka likasimama. Nikaisikia rozari ya mama wa mbele yangu ikigonga benchi, punje baada ya punje. Halafu mzee mmoja, ambaye mwaka mzima hakuwa akisemeshana na ndugu yake wa tumbo moja, akainuka, akavuka mabenchi matatu, akaketi karibu naye. Hawakusemezana. Yule mdogo akasogea tu kumpa nafasi. Mahubiri ya siku ile siyakumbuki hata neno moja, na ndugu wale hadi leo wanalima pamoja. Umeme uliporudi, kinanda kikalipuka na watu wakaruka.

Nabii Eliya pale mlima Horebu, Mungu alipomjia katika utulivu, nilitaka tukae naye, lakini naona muda. Someni wenyewe 1 Wafalme 19. Angalieni kwamba kabla ya ile sauti ndogo ya utulivu, na baada yake, anaulizwa swali lile lile: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Naye anajibu vile vile mara zote mbili. Kinachokuja baadaye ni kazi: rudi njia uliyojia, ukamtie Elisha mafuta. Kwa hiyo anayedhani kimya ni cha watu wasio na shughuli, aisome sura hiyo mpaka mwisho.

Ya wamonaki, watawa wa monasteri za Peramiho na Ndanda, na kimya chao cha usiku, tuyaache. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Simameni. Nitasema neno moja, kisha nitanyamaza mpaka mchoke kunisubiri. Mwenye mgonjwa amtaje. Mwenye deni alitaje. Kwaya, tafadhali, msianzishe wimbo.

Tuombe.