Kipindi cha Podikasti: Gitaa la Mbaraka Mwinshehe Lilivyofika Walukuba

MPWA: Wakubwa wangu shikamooni, na wa rika langu hamjambo. Karibuni katika kipindi chetu, tunachokirekodi kama kawaida sebuleni kwa mjomba wangu hapa Walukuba, Jinja. Leo tunamkumbuka Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa la solo wa bendi ya Morogoro Jazz ya Tanzania, ambaye baadaye aliiongoza Super Volcano mpaka alipofariki Januari 1979. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Siku hii nimeisubiri sana. Tangu alfajiri nimeitoa santuri ya babu yako ndani ya bahasha yake na kuifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, nikifuata mistari yake taratibu bila kuikata, kwa sababu yeye hakumruhusu mtu kuifuta kwa namna nyingine.

MPWA: Nianze na swali ambalo najua baadhi ya wasikilizaji wanalo. Sisi hapa Uganda tunayo bendi yetu ya Afrigo, iliyoanza mwaka 1975 na ambayo watu wanaendelea kuicheza hadi leo. Kwa nini basi tukae kitako kumkumbuka mpiga gitaa wa Morogoro, mji ambao wengi wetu hatujaukanyaga?

MJOMBA: Jibu la swali hilo limo ndani ya mtaa huu. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 na viwanda vikaanza kuajiri, kikiwemo kile cha nguo cha Nytil alikofanya kazi babu yako, watu walikuja Jinja kutoka Acholi, West Nile, Bugisu, Kenya na Tanganyika, wakapangwa katika nyumba hizi zilizopakana kuta. Upande mmoja wa ukuta ulisikia Kijaluo, upande wa pili ulisikia Kilugbara, na wote walipokutana bombani kuchota maji walisemezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo bendi iliyoimba kwa Kiswahili haikuwa ya wageni kwetu, hata kama wapigaji wake walikaa chini ya milima ya Uluguru. Iliimba kwa lugha ya bombani, nasi tukaihesabu kuwa yetu.

MPWA: Na muziki wenyewe uliwafikiaje?

MJOMBA: Kwa redio na kwa santuri. Jioni tuliitafuta Redio Tanzania Dar es Salaam, na betri zikianza kuchoka mama aliziweka juani juu ya bati tangu mchana ili zipate nguvu ya saa moja zaidi. Santuri zilitoka Nairobi, kwa maana Tanzania wakati huo haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, na bendi zao zikitaka sahani za santuri basi zilipanda kwenda Kenya kurekodi. Kutoka Nairobi hadi hapa ni njia ya reli tu, na wafanyakazi wa reli walikuwa wanakuja na sahani zimefungwa ndani ya nguo ili zisivunjike.

MPWA: Wiki hii nilimtembelea bibi mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, hapo sokoni, nikamwuliza kama anamkumbuka Mbaraka Mwinshehe. Jina halikumwambia kitu. Nikampigia wimbo kwenye simu, akaacha kupima samaki, kopo likabaki mkononi, akasema, "Kumbe ni yule wa gitaa linalolia." Hakuwahi kulijua jina lake maisha yake yote, lakini aliimba naye kiitikio mpaka mwisho bila kukosea neno.

MJOMBA: Huyo bibi amesema kweli kuliko wengi wanaojua tarehe.

MPWA: Basi tukae kwenye hilo gitaa, mjomba, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Mimi nimezaliwa katika muziki wa kinanda cha umeme na kompyuta. Nisaidie kusikia unachosikia wewe.

MJOMBA: Sikiliza kwanza kutoka chini. Gitaa la besi na ngoma za tumba ndizo zinazokanyaga ardhi. Juu yake lipo gitaa la rithim, ambalo kazi yake ni kurudia mchoro mmoja mfupi bila kuchoka, dakika baada ya dakika, na mtu asiyejua hudhani huyo mpigaji hafanyi lolote, ilhali akiteleza mara moja tu wimbo mzima unayumba. Ndipo linapokuja gitaa la solo. Mbaraka alikuwa akiimba na kulicharaza yeye mwenyewe, na jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu pumzi na vidole vilikuwa vya mtu mmoja. Anapomaliza mstari wa shairi, gitaa linaupokea pale pale sauti ilipoishia, nalo haliyarudii maneno yake bali linayajibu. Mara nyingi utasikia anagusa nyuzi mbili pamoja, noti ya juu na nyingine chini yake zikitembea sambamba, kama vile watu wawili wanaoimba bega kwa bega, halafu ghafla moja inanyamaza na ile iliyobaki inapanda peke yake hadi juu kabisa ya shingo ya gitaa. Hapo ndipo bibi yako wa mukene anaposikia kilio.

MPWA: Sasa nimesikia. Na ile sehemu ambayo mwendo unabadilika?

MJOMBA: Hiyo ni zamu ya kucheza. Maneno yanapungua, saksafoni zinaingia, ngoma zinakaza, na solo inaanza kuzunguka juu ya mchoro mdogo ambao anaubadilisha kidogo kila anapourudia. Lakini zilikuwa santuri ndogo, zenye nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu uliandikwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa nyuma. Sauti ilikuwa inafifia tu pale moto unapowaka. Babu yako alikuwa ananyanyua mkono wa gramafoni, ambao juu yake alikuwa amebandika sarafu ya shilingi ili sindano isiruke, anaigeuza sahani, anapuliza vumbi, na sisi watoto tunasimama katikati ya chumba mguu mmoja mbele, tukisubiri. Kimya kile kilikuwa sehemu ya wimbo. Mpaka leo nikiusikia mfululizo kwenye simu yako, naona kama kuna kitu kimepungua.

MPWA: Kuhusu maisha yake, kwa ufupi: alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, na katika miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz akiwa kijana. Mji ule mdogo ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana, nyingine ikiwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye naye alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka na kuunda Super Volcano, yenye mtindo wa Masika.

MJOMBA: Umepita haraka kwenye 1973, nami naomba turudi hapo, ingawa si kwa ajili ya bendi. Mwaka huo huo Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa letu. Vijana wa sasa wakisoma hilo wanaweza kudhani ilikuwa sherehe. Kwa watu wengi wa nchi hii, hasa mijini na Buganda, Kiswahili kilikuwa ni ile sauti ya kizuizi cha barabarani usiku, ya askari anayekuambia simama, shuka, leta kitambulisho, lala chini. Wapo wenzangu niliosoma nao ambao hadi leo, wakisikia mtu anazungumza Kiswahili kwa sauti kubwa nyuma yao, mabega yao yanapanda. Siwalaumu hata kidogo.

MPWA: Na kwako wewe, mtoto wa Walukuba?

MJOMBA: Mimi nilikuwa na Kiswahili kingine, na sehemu kubwa ya hicho kingine nilipewa na mtu huyu. Kiswahili cha Mbaraka kilibembeleza mpenzi, kiliomba msamaha, kililalamikia shida za dunia, kilimwusia kijana. Kilijua kuomboleza. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na sisi watoto wa nchi nyingine, ambao hatukumjua Kleruu wala Iringa, tulisikia jinsi mtu mzima anavyoweza kulia hadharani kwa lugha ile ile ambayo usiku ilitutisha. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba kama nisingalikuwa na santuri zile, ningalikua nikikiogopa Kiswahili, na leo nisingalikuwa nazungumza nawe hapa kwa lugha hii.

MPWA: Hili hujawahi kuniambia, mjomba.

MJOMBA: Hatukuwa tumewahi kukaa na kinasa sauti mezani.

MPWA: Tufike kwenye kifo. Tarehe 12 Januari 1979, Mbaraka alipata ajali ya gari huko Mombasa, akafariki akiwa na miaka 34. Ninyi hapa mlizipokeaje habari?

MJOMBA: Hatukuzipokea. Kumbuka wakati wenyewe. Vita vya Kagera, kati ya Uganda ya Amin na Tanzania, vilikuwa vimeanza Oktoba iliyotangulia. Hapa Jinja, kukutwa unasikiliza redio ya Dar es Salaam lilikuwa jambo la kukuponza wewe na jirani zako. Babu yako aliifunga redio kwenye blanketi akaiweka chini ya kitanda, na santuri za Kitanzania akazificha kwenye gunia la maharagwe. Kwa hiyo mpigaji wetu alikufa na kuzikwa, Tanzania nzima na Kenya wakamlilia, na sisi tuliendelea kuamini kwamba yuko Morogoro anatunga nyimbo.

MPWA: Mlijua lini?

MJOMBA: Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na siku kumi na moja baadaye wanajeshi wa Tanzania waliingia Jinja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baada ya siku kadhaa, mtaa ulipotulia, babu yako alilifungua lile gunia, akaitoa sahani hii uliyoishika, akaipiga kwa sauti ya chini, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Askari mmoja wa Tanzania alikuwa akipita na bunduki begani. Alisimama. Sisi wote tukaganda, na babu yako akanyoosha mkono kuuzima, lakini yule kijana akasema, "Mzee wangu, samahani, niachie." Kwa Kiswahili cha taratibu, chenye adabu, kama cha kwenye santuri. Nilimtazama mdomo. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mwenye bunduki akisema samahani.

MPWA: Akaingia ndani?

MJOMBA: Hakuingia. Aliegemea mwimo wa mlango, akavua kofia, viatu vyake vikiwa na udongo mwekundu hadi kwenye vifundo. Akasikiliza. Kisha akauliza kama tunajua kuwa mwenye gitaa hilo amefariki. Babu yako akasema hapana, haiwezekani. Askari akamwambia kuwa ni tangu Januari, ajali, Mombasa, na kwamba yeye alizisikia habari hizo akiwa kambini kabla hawajavuka mpaka, na wenzake wengine walilia. Mama yangu akaketi chini palepale kwenye mkeka, akajifunika uso kwa leso, kama afanyavyo mtu aliyefiwa na ndugu. Wakati huo sehemu ya kwanza ikawa imefika mwisho, sauti ikafifia, sindano ikabaki inakwaruza.

MPWA: Na babu akafanya nini?

MJOMBA: Akaigeuza. Akapuliza vumbi kama kawaida yake, akaiweka sindano polepole, na ile sehemu ya pili ikaanza. Hatukucheza siku hiyo. Solo ilipofika pale inapopanda peke yake, kuna mtu alimwita yule askari kutoka barabarani, akavaa kofia, akamshika babu yako mkono kwa mikono yake miwili, akampa pole, naye babu yako akampa pole. Aliondoka kabla upande haujaisha.