Yai Bichi na Kikwangulio: Kuchagua Vifaa vya Kuinua Sakafu ya Sainasi

(Mhadhara kwa madaktari wa kinywa na meno na wauguzi wao, Mwanza)

Mwangaluka, ndugu zangu. Mliotoka Sengerema na Ukerewe, poleni na safari.

Trei ya mayai mabichi mnayoiona hapa mezani ina kazi. Tukimaliza kuzungumza, kila mmoja atachukua yai alikwangue kwa drili mpaka ganda litoke mahali padogo, na ile ngozi nyeupe ya ndani ibaki nzima. Ukifaulu mara tano mfululizo, hapo tuanze kuzungumza habari za mgonjwa.

Kwa wauguzi ambao mada hii ni ngeni kwenu: juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wenye hewa, ndio sainasi, nao umetandazwa utando. Mnalijua bondo la sangara, ule mfuko wa hewa. Basi fikirieni mfuko wa namna hiyo, ila mwembamba zaidi na umezungukwa na mfupa. Magego yaking'olewa, mfupa unanywea na sainasi inazidi kushuka. Unabaki na mfupa wa milimita tatu, na unataka kusimika kipandikizi, yaani mzizi bandia wa jino, cha milimita kumi. Ndipo tunapouinua utando na kujaza chembechembe za mfupa chini yake. Utando wenyewe, ukiwa mzima, mara nyingi haufiki milimita moja. Ukichanika, chembechembe zinamwagikia ndani ya sainasi, na mgonjwa anaweza kurudi na usaha.

Daktari wa meno Hilt Tatum alianza kupita ubavuni mwa taya miaka ya 1970, kwa kufungua dirisha kwenye mfupa. Boyne na James wakachapisha njia hiyo mwaka 1980. Mwaka 1994 Summers akaeleza njia ya kupita chini, kwa patasi za mfupa na nyundo.

Patasi nazipenda kwa sababu hazidai umeme, na kidonda chake ni kidogo. Ila zinataka mfupa uliobaki uwe kama milimita tano au zaidi, na utando unauinua bila kuuona. Halafu kuna nyundo. Mzee mmoja niliyemhudumia aliinuka kitini akashika ukuta, chumba kikimzunguka. Mitikisiko inaweza kuzing'oa chembe ndogo za chokaa zilizo ndani ya sikio, na kizunguzungu kikamwandama mtu siku kadhaa. Siku hizi namweleza mgonjwa mapema, na kiti nakiinua polepole. Zipo pia drili zinazozungushwa kinyume ili zishindilie mfupa badala ya kuukata. Hizo zinampunguzia mgonjwa kugongwa.

Kwenye dirisha, watu hubishana zaidi juu ya mashine. Bari, ile ncha ya drili, ikiwa ya chuma kigumu ina meno: inauma mfupa, na mara nyingine inaruka. Bari ya duara ya almasi inasaga, kwa hiyo mkono unapata nafasi ya kusimama pale rangi ya kijivu ya utando inapoanza kuonekana. Kama ni bari, chukueni ya almasi, na maji ya chumvi yasikatike, kwa maana mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kuumia.

Piezo, mashine inayokata mfupa kwa mtetemo, ni jambo jingine. Vercellotti na wenzake waliitumia kwa kazi hii mwaka 2001. Ncha yake inatetemeka takriban mara 25,000 hadi 30,000 kwa sekunde: mfupa unakatika, kitu laini kinacheza nayo. Hata mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta ule unakuwa na usalama zaidi. Lakini ni ghali, inakwenda taratibu, na ukiikandamiza kwa haraka zako inapoteza nguvu na kuleta joto.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwaka 2007 Wallace na wenzake walitoa matokeo ya upasuaji 100 mfululizo uliofanywa kwa piezo. Utando ulitoboka mara 7 tu, na zote 7 zilitokea wakati wa kutumia vifaa vya mkono. Mashine ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake.

Kwa hiyo fedha yenu ya kwanza nunueni vikwangulio vizuri vya mkono, vile vya kubandulia utando kwenye mfupa: vyenye mikunjo tofauti, makali laini yasiyo na pengo. Mgongo uelekee utando, makali yasibanduke kwenye mfupa hata mara moja, na mzunguke pande zote za dirisha kabla ya kwenda ndani. Nilipokuwa kijana kazini nilishika kikwangulio ambacho kidole gumba kilikwisha kuniambia kina mkwaruzo. Nikaendelea. Utando ukafunguka mbele ya macho yangu kama karatasi iliyolowa, na mama wa watu akasubiri miezi mingine kabla ya kurudia. Tangu siku ile kila kikwangulio nakipitisha kwenye gozi kavu, kile kitambaa cha kufungia vidonda. Kikinasa uzi, hakiingii kinywani mwa mtu.

Haya, jongeeni. Kwenye trei ya bluu kuna vikwangulio sita, viwili kati yake vibovu. Vitafuteni kwa gozi kwanza, ndipo mshike mayai.