Kabla ya Kupaka Rangi, Tokeni Nje

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naanza na kitu ambacho wengi wenu mmekishika kwa mikono yenu. Unapitisha kiganja ukutani, chini kule karibu na sakafu, rangi inabanduka kama ganda la yai. Nyuma yake lipu imegeuka unga, na vidole vinatoka na chumvi nyeupe.

Wengi hukwangua, wakapiga lipu mpya ya saruji, wakapaka rangi. Baada ya misimu miwili ya mvua doa limerudi, tena limepanda. Kupanda kwake kuna sababu. Ukuta hunywa maji ya ardhini kama utambi unavyonywa mafuta ya taa, na huyatoa pale unapopata hewa. Ukiuziba kwa saruji nzito, maji hayaishi. Yanatafuta pa kutokea juu zaidi.

Ndiyo maana nawaomba: mvua ikinyesha, msikae ndani kulitazama doa. Chukueni mwavuli, mzunguke nyumba polepole, mwone maji yanakwenda wapi.

Anzeni na paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 5,000. Bomba la mchirizi likiishia kwenye kona, maji hayo unayamwagia msingi wako mwenyewe.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamehamisha kitanda mara mbili kukimbia kona iliyolowa. Ukuta ulikuwa umepigwa lipu mara tatu. Nje, nyuma ya maua, kiwiko cha bomba kilikuwa kimechomoka, na maji yalikuwa yamechimba shimo la ukubwa wa sufuria pembeni mwa msingi. Tulirudisha kiwiko, tukaongeza bomba la mita 2 kuyapeleka maji mbali, tukajaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia. Ukutani hatukugusa kitu. Kona ile ilikauka, na mpaka leo nikiikumbuka nasikitikia fedha zilizokwishazikwa kwenye lipu.

Baada ya paa, tazameni udongo. Miaka inavyokwenda, ardhi nje huinuka: bustani inaongezwa mboji, njia inamwagwa zege juu ya zege, hadi udongo unapita ule utando wa nailoni uliolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Hapo utando hauna kazi tena. Ardhi ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15, na iteremke kuikimbia nyumba: sentimita 15 nyingine katika mita 3 za kwanza. Uzi na pima maji vinatosha kukuonyesha. Mara nyingi koleo peke yake humaliza kazi.

Nyumba iliyo chini ya mlima ina shida nyingine, kwa sababu maji huijia chini kwa chini. Hiyo inataka mtaro wa kokoto upande wa juu. Tandika kitambaa cha kuchuja, laza bomba lenye matundu, matundu yakitazama chini, kwa mteremko wa sentimita 1 kila mita, kisha jaza kokoto na ufunike kwa kitambaa hichohicho ili tope lisiingie. Mtaro lazima uwe na mahali pa kumwagia palipo chini zaidi. Usipokuwa napo, umechimba bwawa. Na tafadhali, msichimbe ukiuambaa msingi, wala msishuke chini ya kitako chake. Nyumba inaweza kutitia.

Kuna unyevu ambao chanzo chake si nje kabisa, ule wa mvuke wa jikoni na bafuni. Bandikeni kipande cha karatasi ya aluminiamu ukutani kwa siku mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa. Kikilowa upande wa chumbani, fungueni madirisha kwanza. Kikilowa upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta.

Mkishamaliza nje, msiwe na haraka ya kupaka rangi. Ukuta hukauka kwa takriban mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ule wa sentimita 23 unaweza kuchukua miezi 9. Ondoeni lipu iliyooza, tofali zipate hewa. Kisha chukueni penseli, mchore mstari juu ya ukingo wa doa, na pembeni mwandike tarehe.