Kwa Nini Siendi Ubalozini Kuomba Pasipoti

Ndugu zangu wa Kisumu na Ahero, tangu baba azikwe mwezi wa Machi mnaniuliza swali lile lile: mbona sikwenda ubalozini hapa Ujerumani nikaomba pasipoti mpya, nikaja kumzika? Ninalijibu leo bila kutaka kuonekana shujaa, wala silalamiki, kwani ninakula na ninalala salama.

Mimi nimepewa hadhi ya mkimbizi wa kisiasa. Kifungu cha 1C cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kinasema kwamba mkimbizi anayerudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia hupoteza hadhi hiyo, na kuomba pasipoti ya kwao kunaweza kuhesabiwa hivyo. Hati ya kusafiria niliyopewa hapa haitumiki Kenya. Wakili alinitoza euro 300 kunieleza hayo, fedha ambazo zingenunua mchele wa matanga yote.

Kisha kuna hofu yenyewe. Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudi Arabia, aliingia katika ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018 kufuata karatasi za kumwezesha kuoa, akauawa humo humo. Sisemi kwamba ubalozi wetu ungenifanyia hivyo. Nasema kwamba aliyekimbia bado anahitaji karatasi, na mwenye kuzitoa ni yule yule aliyemkimbia.

Wengine mnanishauri nipitie Uganda, nikutane na mama pale Busia mpakani. Nyinyi wenyewe mliona Julai 2024 wanachama 36 wa chama cha FDC cha Uganda wakikamatwa Kisumu, wakavushwa mpaka na kushtakiwa kwao kwa makosa ya ugaidi. Novemba mwaka huo huo Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi, akaonekana siku chache baadaye katika mahakama ya kijeshi Kampala. Walivyovushwa wao kwenda huko, ndivyo nami ninavyoweza kuvushwa kutoka Uganda kuingizwa Kenya.

Kilichoniuma ni shangazi kusema mbele ya waombolezaji kwamba nimemtupa baba kwa sababu ya euro, ilhali nilikuwa nikitazama jeneza likishuka kupitia simu ya shemeji, mtandao ukikatika kila mara.

Haya ni ya kwangu peke yangu. Aliyekuja kwa viza ya masomo aende ubalozini bila wasiwasi. Aliye kama mimi amwulize wakili wake kwanza.

Na wewe mama, usirudi tena kuulizia cheti changu cha kuzaliwa. Mara ya mwisho maafisa walikuuliza ninaishi mji gani, na swali hilo halimo katika fomu.