Kufinyanga chungu cha kuoteshea mnanaa na rehani

Leo tunafinyanga chungu cha kuoteshea viungo vya majani: rehani, mnanaa, giligilani, rozimari. Hatutumii gurudumu. Tunajenga kwa kamba za udongo, na kazi ya mikono haizidi saa mbili au tatu. Kinachokula siku ni kukauka.

Kabla ya kushika udongo, amua umbo. Mdomo uwe mpana kuliko kitako. Chungu chenye shingo nyembamba hupendeza kwenye picha, lakini mizizi ikishajaa ndani, siku ya kuhamisha mmea lazima uvunje chungu au ukate mizizi. Chetu kina kitako cha sentimita 13, mdomo wa 16 na kimo cha 15. Udongo hunywea: kuanzia ukiwa mbichi hadi utoke motoni hupungua takriban asilimia 8 hadi 12, kutegemea aina, kwa hiyo kimo hicho kitaishia kwenye 13 na nusu hivi.

Andaa kilo 2 za udongo wa mfinyanzi wenye chenga za vigae vilivyosagwa. Chenga hizo hupunguza kunywea na kufungua njia ya unyevu kutoka. Chungu kitakula kama kilo moja na robo, kinachobaki ni cha kisahani na cha rojo. Weka karibu waya wa kukatia, uma wa zamani, kisu, kijiti, sifongo, mfuko wa plastiki na magazeti.

Kanda udongo dakika 10, ukiusukuma kwa viganja na kuukunja. Kisha kata donge katikati kwa waya uangalie ndani. Ukiona vitundu vya hewa au michirizi ya rangi mbili, endelea kukanda.

Sasa kitako. Tandaza udongo unene wa milimita 8, kata duara, uliweke juu ya gazeti. Hapa usiharakishe: pitisha ubavu wa kijiti juu ya duara lote, ukikandamiza kutoka kati kwenda nje na kurudi, mara kadhaa. Kitako ambacho hakikukandamizwa hupasuka wakati wa kukauka.

Kamba tunaviringisha mezani kwa vidole vilivyotanuliwa, unene wa kidole cha kati. Kamba ikianza kuwa bapa, meza ni kavu au unabonyeza mno. Ifute meza kwa kitambaa kibichi. Kwaruza ukingo wa kitako kwa uma, paka rojo, yaani udongo uliolainishwa kwa maji ukawa mzito, kisha laza kamba ya kwanza. Tazama kidole gumba: kinavuta udongo wa kamba ushuke juu ya kitako, ndani na nje, mpaka mstari wa kiungo upotee kabisa. Kugusana tu hakutoshi. Kiungo ambacho hakikuvutwa kwa kidole kitafunguka baadaye, kwa kawaida ndani ya tanuri.

Endelea kupandisha, kila kamba ikitoka nje kidogo kuliko ya chini yake. Baada ya kamba nne hivi simama nusu saa ili ukuta ujikaze, la sivyo utabweteka na mdomo utapinda. Funika ukingo wa juu kwa plastiki wakati huo. Udongo mbichi ukiungwa na uliokwisha kukauka, mmoja hunywea kuliko mwingine na ufa hutokea hapohapo. Ukuta wote uwe milimita 8. Mahali penye unene wa 5 karibu na penye 15 ni ufa unaosubiri.

Kesho yake udongo haubonyei, lakini ukucha bado unaacha alama. Huo ndio wakati wa kutoboa. Geuza chungu, toboa matundu matatu ya milimita 12. Nayo yatanywea, na tundu dogo huziba kwa udongo wa bustani mapema. Ukitoboa kwenye udongo laini, kitako kinajikunja. Ukingoja ukauke, kinameguka. Kwa kisu, chonga mifereji mitatu midogo kwenye ukingo wa kitako kuelekea nje. Bila mifereji hiyo chungu hukaa bapa juu ya kisahani na kuziba matundu yake chenyewe. Kisahani kifinyange sasa, kiwe na upana wa sentimita 18.

Kausha polepole, siku 7 hadi 10, kivulini pasipo na upepo. Siku tatu za mwanzo funika kwa plastiki isiyobana, kisha kipindue, mdomo chini, kitako kipate hewa. Kipime shavuni: kikiwa cha baridi, ndani bado mna maji.

Wengi husema hewa iliyonaswa ndiyo inayolipua chungu. Kinacholipua hasa ni maji: yakifika nyuzi 100 za Selsiasi huwa mvuke, na mvuke ukikosa njia unapasua ukuta. Kwa hiyo anza kwa kukaa saa kadhaa kwenye nyuzi 80 hadi 90, kisha panda kama nyuzi 100 kwa saa. Karibu na 573 punguza kasi, kwani chembe za mchanga hupanuka ghafla hapo. Fikia 1000 hivi, au kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko wa udongo wako, kisha acha tanuri lipoe lenyewe hadi chini ya 100 ndipo ufungue. Oveni ya jikoni haifiki huko. Itakausha tu, na chungu kitarudi kuwa tope ukimwagilia. Kama huna tanuri, mtafute mfinyanzi anayechomea watu wengine, umwambie aina ya udongo kabla hajakipanga.

Usikipake rangi ya kioo, yaani ile inayoyeyuka tanurini ikafunika ukuta kwa tabaka la kioo. Ukuta ulioachwa wazi hupumua, na rozimari hasa hufurahia udongo unaokauka haraka. Ukitaka rangi, paka ukanda wa mdomo tu.

Kabla ya kupanda, loweka chungu kwenye ndoo mpaka viputo vikome, la sivyo kitanyonya maji ya miche. Funika matundu kwa kipande cha wavu, si kokoto: tabaka la kokoto halisaidii maji kutoka, linapunguza tu nafasi ya mizizi. Mnanaa upewe chungu chake, maana utawasonga wenzake. Ukiona unga mweupe nje ya ukuta, ni chumvi za maji na mbolea, sugua kwa brashi. Kisahani nacho kitapitisha unyevu, kwa hiyo weka kigae au kipande cha plastiki chini yake kama meza yako ni ya mbao.